Picha Isiyoibwa na Mtu

Hii nimetumiwa na rafiki, nikashindwa kukaa nayo peke yangu. Isome, kisha mpe mwenzako.

Palikuwa na mwanamke, jina lake Mwajabu. Vita vilipoingia mjini kwao, mama yake aliuawa mlangoni mwa nyumba yao, naye Mwajabu akakimbia mikono mitupu. Ukutani ilibaki picha ya bibi mzaa bibi yake, iliyochorwa na fundi mkuu wa zamani. Watu waliisifu kwa rangi zake. Mwajabu aliililia ile sura, maana katika ukoo mzima hakubakiwa na uso mwingine wa kuutazama.

Amani iliporudi, aliikuta imetundikwa kwa mfalme, akaidai.

"Mimi sili haki ya mtu," mfalme akasema. "Niletee walioishika, mkono kwa mkono, kutoka kwenu hadi hapa. Ukithibitisha, ni yako."

Mwajabu akaanza kuulizia. Dalali aliyemuuzia mfalme alimtaja askari. Askari akamtaja Bi Mwasiti, jirani yao wa tangu na tangu.

Bi Mwasiti alilia sana. "Mwanangu, niliitoa ukutani mimi mwenyewe. Niliuruka mwili wa mama yako pale mlangoni. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama. Njoo tu ukaseme hivyohivyo."

"Nitakuja."

Na kweli wakaja wote. Lakini ukweli una ndugu wengi uani. Barazani ni yatima.

"Uliipataje?" mfalme akamuuliza dalali.

"Nilipewa, Mtukufu."

Askari naye: "Nilipewa."

Ikafika zamu ya Bi Mwasiti. Alimtazama Mwajabu, akawatazama walinzi na mikuki yao, akainama.

"Nilipewa."

"Mama, sema!" Mwajabu alilia. "Si uliniambia mwenyewe?"



Mfalme akasema kwa upole, "Palipo na mpewa pana mtoaji. Na nani awezaye kutoa kitu kama si mwenyewe? Basi mama yako aliitoa kwa hiari yake. Alikuwa mkarimu, Mungu amrehemu. Usimwaibishe marehemu kwa kudai zawadi aliyoitoa."

Baraza zima likaitikia, "Amina."

Mwajabu akatolewa nje. Hakurudi tena kudai, wala hakuna aliyekwenda kumuuliza anaishije.

Funzo: Akiiba mmoja, hufungwa; mji mzima ukiiba, aliyeibiwa huambiwa alitoa mwenyewe.