Mama Aliyemwitikia Mtangazaji

Mtu mmoja alikuwa na nyumba nzuri na kero nyingi ndogo ndogo. Jina lake Elinami, mtu wa Upare aliyehamia Dodoma kikazi. Maji ya moto yalikawia dakika mbili kufika bafuni. Intaneti ilikwamakwama. Geti la umeme lilisita kabla ya kufunguka, naye akalisonya kila jioni kana kwamba limemtukana. Mke hakuwa naye. Aliishi na hasira zake, na tuseme ukweli, zilimtosha.

Baba yake alipofariki, alimleta mama yake, Bi Nakiete, waishi pamoja. Mama alikuja akiwa na nia ya kuzeekea hapo, kwa mwanawe wa pekee, kwani kijijini alikuwa amebaki na vyumba vitupu.

Lakini kila asubuhi Elinami aliamka akakuta jambo. Mama amezima friji ili ipumzike, maziwa yamechacha. Mama ameivalisha rimoti mfuko wa nailoni na kuufunga kwa mpira, vitufe havibonyezeki. Mama amewamwagia ndege ukoko wa wali barazani, sisimizi wamejaa. Malalamiko hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza kwa mama, shikamoo ikasahaulika, na siku nyingi yakawa pia ya mwisho, maana jioni alirudi akiwa ameinamia simu yake. Basi mama akaacha kugusa vitu. Alishinda kwenye kochi, mikono mapajani, akiogopa hata kufungua pazia.

Jioni moja mtangazaji wa taarifa ya habari alitokea kwenye televisheni akawatakia watazamaji jioni njema. Bi Nakiete akamwitikia kwa adabu zote, akamuuliza na hali ya watoto. Hapo Elinami akachoka kabisa. Akamwambia mama yake kwamba yule mtu hamwoni wala hamsikii, na kwamba jambo hilo amekwisha kumweleza mara nyingi.

Mama akasema taratibu, "Najua hanisikii, baba. Lakini humu ndani ni yeye tu anayenisalimia."

Elinami aliona haya, haya ya kweli, mpaka akashindwa kumtazama.

Kulipokucha alipita jikoni bila kukagua chochote, akaenda moja kwa moja chumbani kwa mama, akampa shikamoo. Mama aliitikia marahaba kwa upendo, bila kinyongo, huku akiendelea kukunja kanga zake na kuzipanga kwenye begi. Elinami akamsihi abaki. Mama akampapasa kichwa kama alipokuwa mdogo, akamwambia kwamba kule kwao angalau wapita njia humjulia hali. Elinami akambebea begi mpaka stendi, akasimama pale hata basi lilipokwisha kuondoka.

Siku hizi friji yake haizimwi, na hana wa kumlalamikia. Nanyi mliotoka majumbani kwenu asubuhi hii, neno lenu la kwanza kwa yule mliyeamka naye lilikuwa lipi?