Mikwiro ya Mama Mkwe

Iweke chini kwanza hiyo mikwiro, wewe kijana, na mwenzako naye aiweke. Tangu mmeingia hapa mnaigeuzageuza kama watu wanaochagua vitenge: huu una rangi nzuri, huu umekaa vizuri mkononi. Kijiti cha kupigia marimba hakichaguliwi kwa macho. Mimi nimefunga vichwa vya mikwiro miaka arobaini na mitatu, na mama yangu alivifunga kabla yangu, nami nawaambieni kwamba zamani watu wetu walichagua vibaya, na waliokufa walikuwa wanawake wasio na kosa. Kaeni. Nina mpira wa kukata hapa, mikono yangu itafanya kazi yake na mdomo utafanya yake.

Kulikuwa na siku ambazo hakuna aliyezihesabu. Watu wetu walikuwa wameshahamia huku juu uwandani, kwenye udongo mwekundu unaopenda mihogo na mtama, lakini juu hapakuwa na maji. Maji yalikuwa bondeni. Wanawake walishuka na mitungi asubuhi wakapanda nayo alasiri, kwa njia iliyokwangua ubavu wa mteremko, na ilikuwapo sehemu moja ambayo njia haikuzidi upana wa mkeka. Upande wa kulia ukuta wa mawe, upande wa kushoto hakuna kitu. Hapo ndipo walipopita na mitungi kichwani, wengine na watoto mgongoni, na waume zao wakiwasubiri juu wakilalamika kwamba maji yamechelewa.

Katika miezi ya baridi ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaziba kila kitu. Ndiyo sababu marimba yaliwekwa ukingoni, pale njia inapotokea. Yalikuwa na vibao tisa vilivyolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, na chini yake shimo lililochimbwa ili sauti ipate pa kukaa. Ukungu ukishuka, mpigaji alipiga bila kupumzika, na wanawake waliifuata sauti mpaka nyumbani.

Nayo yalipigwa kwa mpingo mtupu. Hiyo ilikuwa sheria ya waliotutangulia: mti mgumu kuliko yote ndio wenye heshima ya kugusa marimba. Ubao wa tisa, ule mkubwa, mrefu kama mtoto wa miaka minane, ukipigwa kwa mpingo ulijibu ko, kama mlango uliobishwa hodi, kisha kimya. Watu walisema ubao ule ni wa heshima tu, umewekwa kwa ajili ya wazee waliokwisha kufa, na wao ndio wanaousikia. Mtu akishindwa kueleza jambo, huwasingizia wazee waliokufa. Hawabishi.

Mwaka mmoja wanawake wawili walianguka katika ukungu, na marimba yalikuwa yakilia mchana kutwa. Baraza likakaa. Likaamua kwamba mpigaji ni mzee, mikono yake imelegea, sauti haifiki. Wakamtafuta mwenye mikono, wakampata Shilela.

Shilela alikuwa amehamia kwetu kwa kuoa, maana kwa watu wetu mwanamume ndiye anayefuata nyumba ya mkewe. Alimwoa Nalukwa, mtoto pekee wa Bibi Namkaya. Alikuwa kijana mpole mwenye mabega mapana, na alipopiga marimba vibao vidogo vililia mpaka mbwa wakajificha. Baraza likafurahi sana. Likamchongea mikwiro mipya, mizito zaidi, ya kiini cha mpingo.

Mama mkwe wake, Bibi Namkaya, alikuwa kiziwi. Homa ilimchukua masikio Nalukwa alipokuwa bado ananyonya. Tangu hapo alizoea kukaa karibu na shimo la marimba, nyayo zimekanyaga ardhi tupu, kwa sababu sauti ilimfikia kwa njia hiyo. Alisema vibao vidogo humtembelea miguuni kama siafu. Ubao mkubwa haukumfikia kabisa, hadi siku moja watoto walipokuwa wanacheza na mpira wao wa utomvu wa mbungo, ule mmea unaotambaa wenye matunda machachu mnayoyajua. Mpira ulidunda ukaangukia ubao wa tisa. Bibi Namkaya akashika kifua. Akawaambia watu kwamba ubao ule una sauti, tena ni kubwa, imepanda kutoka nyayoni ikamkalia moyoni. Watu wakamwonea huruma. Walisema masikio yalitangulia, sasa na akili inafuata.

Shilela alimsikia, lakini hakuweza kumjibu. Wakati ule mkwe na mama mkwe hawakuzungumza. Wakikutana njiani, mmoja aliingia porini mpaka mwenzake apite. Mkwe hakupokea kitu kutoka mkononi mwa mama mkwe, hata kata ya maji. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima, na aliyeivunja alifungasha vyake akarudi kwao, ndoa ikaishia hapo. Kwa hiyo Shilela aliinamisha kichwa tu, akaendelea kupiga kwa mpingo.

Ikafika siku yenyewe. Wanawake saba walishuka asubuhi kukiwa na jua, Nalukwa akiwa mmoja wao, na mimba ya miezi sita. Kabla ya alasiri ukungu ulipanda kwa ghafla, ukungu mzito ambao mtu alinyoosha mkono asione vidole vyake. Shilela akakimbilia marimba.

Alipiga kwa nguvu zote alizopewa. Na sauti ile kali, ile iliyolifurahisha baraza, ilitoka ikavuka bonde, ikagonga ukuta wa mawe wa ng'ambo, ikarudi. Ikagonga na ukuta wa huku, ikarudi tena. Kule chini wanawake walisikia marimba mbele yao, nyuma yao, na upande wa kushoto, pale pasipo na kitu. Kadiri Shilela alivyozidisha nguvu ndivyo mwangwi ulivyozidi. Wale wawili wa mwaka uliopita walikufa hivyo, wakiifuata sauti iliyowaita wafe, na aliyewaita alidhani anawaokoa. Nikifika hapa huwa naona baridi mikononi, hata kama nimeyasimulia haya mara mia.

Juu, watu walisikia sauti za wanawake zikitokea mahali pasipo njia. Walielewa kwamba wanatembea vibaya, wakampigia Shilela kelele aongeze. Akaongeza. Jasho lilimtoka, na machozi, na damu kwenye viganja.

Bibi Namkaya hakusikia hata moja kati ya hayo. Aliona midomo ya watu, akaona mkwewe analia, akahesabu wanawake waliorudi: hakuna. Akaenda kwa watoto akawanyang'anya mpira. Kisha akaja akalala kifudifudi juu ya vibao vya marimba, mwili mzima, mikwiro ya Shilela ikiwa bado hewani.

 Shilela aligeuza uso haraka, maana hakuruhusiwa hata kumtazama. Marimba yalinyamaza, na kimya hicho kiliteremka bondeni. Nalukwa alisimulia baadaye kwamba alikuwa ameshanyanyua mguu wa kushoto. Sauti ilipokatika, hakujua tena aende wapi, akaurudisha ulipokuwa.

Bibi Namkaya akainuka. Akamnyang'anya mkwewe mkwiro mmoja, akauchomeka katikati ya mpira wa mbungo mpaka ukashika, akamnyooshea. Mzee mmoja wa baraza akasogea kumzuia, akisema mambo mawili yanavunjwa kwa mpigo mmoja, sheria ya mpingo na heshima ya ukwe. Lakini atamwambiaje kiziwi? Yeye akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia:

"Baba, mwanangu yuko huko chini. Pokea."

Shilela alitazama mkono ule. Kama angepokea, huenda jioni hiyohiyo angefukuzwa. Kama asingepokea, angebaki na mpingo wake na heshima zake zote. Akapiga goti, akanyoosha mikono miwili, akapokea.

Akaupiga ubao wa tisa mara moja.

Sijui niwaambieje. Waliokuwapo hawakukubaliana wamesikia nini, na wengine walisema hawakusikia chochote bali walijazwa. Mtama uliokuwa kwenye ungo wa jirani ulitetemeka ukajipanga mistari. Kuku walilala chini. Wanaume waliokuwa wanapiga kelele walishika vifua vyao, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Sauti haikuruka hewani kama ya vibao vidogo. Iliingia shimoni, ikazama kwenye udongo, ikatembea ndani ya ardhi, nayo ardhi haina mwangwi. Yule mzee wa baraza alivua viatu vyake vya ngozi akasimama pekupeku, akalia mbele ya watu wote.

Shilela akapiga tena, polepole, akisubiri kila pigo lizame kabla ya kuleta jingine.

Kule chini, sauti iliwapanda wanawake kutoka nyayoni. Nalukwa alisogeza mguu kushoto, mtetemo ukapungua. Akausogeza kulia, ukaongezeka. Akawaambia wenzake waache kusikiliza kwa masikio, wavue ndala za magome walizovaa na watembee wakiiuliza ardhi. Walishikana kanga kwa kanga, wale saba, na kila hatua waliijaribu kabla ya kuikanyaga. Pale njia inapokuwa na upana wa mkeka walipita wamefumba macho, kwa sababu macho yalikuwa yanawadanganya. Hakuna aliyedondosha hata mtungi.

Walipotokeza ukingoni, hakuna aliyeshangilia. Watu waliogopa kuifunika sauti ile kwa kelele zao. Shilela aliendelea kupiga mpaka wa saba alipokanyaga juu, ndipo mikono ikamwishia nguvu. Nalukwa alimpita mumewe, akaenda kwa mama yake. Bibi Namkaya alimuuliza kwa ile sauti yake kubwa kama ubao ulilia kweli, maana yeye aliuhisi tu, na asiyesikia hujitilia shaka. Nalukwa hakuwa na namna ya kumjibu kwa maneno. Alichukua kiganja cha mama yake akakiweka tumboni mwake, mahali mtoto alipokuwa akirusha miguu kwa mtetemo ambao ulikuwa bado haujaisha. Bibi akakiacha kiganja pale mpaka mtoto alipotulia.

Baraza lilikaa jioni ile. Nasikia lilikaa muda mfupi kuliko mabaraza yote ya watu wetu, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumfukuza Shilela. Baadaye wapigaji wenyewe walianza kujaribujaribu. Waligundua kwamba vibao vidogo vinataka mpingo mtupu, ukivipiga kwa mpira laini ni kama kumbembeleza kuku. Vya katikati vinataka utomvu kidogo, mzunguko mmoja au miwili. Na ule mkubwa hautaki kuchapwa, unataka kuamshwa.

Na tangu siku hiyo mpigaji wa kwetu hubeba jozi tatu za mikwiro, si moja. Jozi ya mpingo huichonga mwenyewe, na ya katikati hupewa na aliyemfundisha. Ile yenye vichwa vikubwa vya mpira hupewa na mama mkwe siku ya harusi, mkono kwa mkono, mbele ya watu, naye huipokea amepiga goti. Heshima nyingine za ukwe zilibaki zilivyokuwa. Wakikutana njiani, bado mmoja anaingia porini. Hicho ndicho kitu pekee anachoruhusiwa kukipokea kutoka mkononi mwake, na ndiyo maana nyie mlipofika hapa mkauliza kwa nini ninawafungia wanawake watu wazima mikwiro wasiyojua kuitumia, nilicheka.

Tena tangu siku hiyo mpigaji hachagui mkwiro kabla ya kuuliza. Husimama nyuma ya marimba mikono mitupu, akauliza kwa sauti, "Nani hajafika?" Watu wakijibu kwamba wote wapo, huchukua mpingo na watu wakacheza mpaka vumbi likawafunika. Lakini likitajwa jina, hata moja, la aliye safarini, au mgonjwa, au aliyegombana na ndugu zake akaondoka, mpingo unabaki chini. Huanza na ubao mkubwa, polepole, na hakuna anayecheza mpaka pigo la saba lizame.

Haya, mpira wangu umekatika vizuri. Mmesema mnapiga Jumamosi kwenye harusi ya dada yenu, mnataka mikwiro inayolia kwa ukali, mji wote usikie. Sikatai, mpingo mzuri ninao. Lakini niambieni kwanza: nani hajafika?

Mbona mnatazamana? Mtajeni tu, msione aibu. Leta mkono, wewe kijana, tupime mkwiro wa mpira.