Sanduku Migombani

"Mficha safari, njia humficha." Jana mlinisikia nikimrushia shangazi yenu maneno hayo, na tangu hapo mnanizunguka kama vifaranga: Bibi, imetoka wapi? Bibi, nani aliisema? Haya, kaeni. Wewe mwenye simu, iweke chini. Chanzo cha methali hii ni hiki, na wala si cha zamani za wafalme. Ni cha hapa hapa Lushoto, na wenyewe nimekula nao pilau.

Palikuwa na binti akiitwa Salha, mwanafunzi wa chuo, anasomea mambo ya udongo. Hakuwa na makuu, ila akishika kitabu hasikii hata akiitwa kula. Mwaka huo walimu wake walimchagua aende Ujerumani kwa kozi fupi, wiki tatu tu, wakati wa likizo. Huko kwao wanauita msimu ule kiangazi, ilhali sisi huku mlimani tumejikunyata kwa baridi ya Julai. Wenyeji walilipa kila kitu, tiketi ikiwemo. Alichotakiwa Salha ni kufika uwanja wa ndege Dar es Salaam siku iliyopangwa, kabla ya jioni. Basi.

Mama yake, Bi Hidaya, alipopewa habari alipiga vigelegele kimoyomoyo. Kisha akaenda kufunga dirisha.

"Salha mwanangu," akanong'ona, "neno hili lisitoke humu ndani. Jicho la mtu halina dawa. Mjomba wako alitangaza safari ya Uarabuni, akachinja na mbuzi. Alikwenda?"

"Hakwenda, mama."

"Basi. Watu watajua ukisharudi."

Msicheke! Hata leo wako wengi wa namna hiyo, na wengine wamo humu humu ndani. Salha naye, pamoja na kusoma kwake kote, aliogopa. Hofu ya mama, mtoto huinyonya pamoja na maziwa.

Maandalizi yakawa ya kiwizi. Sanduku lilipangwa mlango ukiwa na komeo, likasukumwa uvunguni mwa kitanda. Salha akachomwa sindano ya homa ya manjano, jirani akauliza mbona unaushika mkono? Nimeumwa na nyuki. Na viatu hivyo vipya? Vya harusi, Korogwe. Harusi ya nani huyo, mbona sisi hatukualikwa? Loo! Uongo haukai peke yake, huita ndugu zake. Binti akawa chakula hakishuki. Akisikia hodi, moyo unaruka. Usingizi ukimpaa anaingiza mkono uvunguni, anapapasa kama pasipoti ingalipo. Na yale maswali yake ya kweli, avae nini, atakula nini, akipotea amuulize nani, hakuwa na mtu wa kumuuliza. Yalimkaa kifuani tu.

Ukabaki usafiri. Nyumba ya pili alikaa Mzee Kaniki, mwenye gari la mboga. Kila wiki alipeleka kabichi na karoti Dar, na kiti cha mbele alimpa yeyote mwenye shida.

"Mama," Salha akasema, "si tumwombe Mzee Kaniki? Anashuka siku hiyo hiyo."

"Kaniki! Mdomo wa Kaniki na redio, heri redio. Redio huzimwa."

Basi wakakodi teksi ya Mombo, chini kabisa ya mlima, kwa dereva asiyewajua wala wasiyemjua. Wakamwambia asifike nyumbani, awakute njia panda asubuhi mapema, penye migomba.

Siku ikafika. Walitoka kwa mlango wa nyuma, sanduku limefunikwa khanga kama gunia la maharage, wakajibanza migombani. Umande ukawalowesha miguu. Jua likachomoza. Teksi hakuna. Salha akapiga simu, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani.

Ndipo wakasikia mngurumo. Gari la Mzee Kaniki hilo linakuja, kabichi zimejaa nyuma, kiti cha mbele kitupu.

"Mama, huyo anakwenda Dar! Nimsimamishe."

Bi Hidaya akamdaka mkono. "Inama!"

"Mama, nitachelewa!"

"Akikuona leo, kabla ya adhuhuri mlima mzima unajua. Inama, nakwambia! Teksi inakuja."

Salha akamtazama mama yake, akalitazama gari. Miguu ilitaka kukimbia. Ukelele mmoja tu ungetosha. Akainama. Gari likapita karibu yao kabisa, Mzee Kaniki anapiga mluzi, asijue lolote, likakata kona, likapotea.

Na teksi? Ilikuwa imeharibika huko chini konani, mahali pasiposhika simu. Hayo walikuja kuyajua baadaye. Wao walingoja, wakangoja, mpaka mama mwenyewe akatoka migombani, akasimama katikati ya njia. Hatimaye wakapata bodaboda, wakajipakia wote wawili na sanduku juu. Mombo mabasi yanapita yamejaa, hayasimami. Walipopata moja, wakaingia Dar na kukuta foleni isiyosogea. Uwanjani Salha alikimbia na sanduku lake mpaka dirishani. Dada wa pale akaitazama tiketi, akamtazama yeye, akatikisa kichwa kwa huruma. Ndege ilikuwa imeshaondoka, na tiketi ile haikuwa ya kubadilishwa.

Salha alikaa juu ya sanduku akalia, akalia mpaka watu wakadhani amefiwa.

Walirudi Lushoto mchana kweupe, maana hapakuwa tena na cha kuficha. Majirani walipopata habari, wakaja kutoa pole, huyu na maziwa, huyu na ndizi. Hakuna aliyecheka. Mzee Kaniki alivua kofia, akakaa kimya, mtu yule asiyejua kunyamaza!

"Mama Salha," akasema mwishowe, "siku ile nilishuka peke yangu. Alasiri haijaadhiniwa nimeshashusha kabichi zangu, nakula wali."

Akaaga, akaenda zake.

Mlango ulipofungwa, Bi Hidaya akajipiga paja. "Unaona? Si nilikwambia! Kuna mtu alituona pale migombani. Kuna jicho lilitupata. Ukija kuitwa tena, hatumwambii hata paka!"

Salha hakuwahi kumjibu mama yake tangu azaliwe. Siku hiyo aliinua uso, macho mekundu, sauti imekauka.

"Mama, hakuna aliyetuona. Laiti angetuona mtu mmoja tu, leo ningekuwa darasani. Mficha safari, njia humficha."