Kidole cha Ramani Hakichoki

Kwaru-ta. Kwaru-ta. Kwaru-ta.

Mlio huo niliusikia kabla sijamwona mtu. Ulitoka chini kabisa, kwenye kichochoro cha mawe, ukapanda ukuta hadi dirishani kwangu orofa ya nne. Kitu kizito kinaburutwa, kinakwama, kinaburutwa tena. Nikajua ni yeye. Katika Genova nzima hakuna mtu mwingine ambaye angeburuta mzigo namna ile, kama anavuta punda asiyetaka kwenda.

Mmemsikia baba yenu sasa hivi. Amepita hapa akawakuta mmeinamia ramani ya Italia, mnapanga safari yenu ya kwanza, mara Roma, mara Venisi, akasema, "Kidole cha ramani hakichoki," kisha akaenda zake kutia gari mafuta. Mkacheka. Halafu wewe Zulekha ukaniuliza, "Shangazi, maneno hayo baba kayatoa wapi?" Kayatoa kwangu, mwanangu, na mimi niliyapata kutokana na mlio ule. Kaeni, wewe na pacha wako Bwanaheri, niwaambie yalivyozaliwa. Baba yenu hapendi kuyasimulia.

Wakati huo baba yenu Famau alikuwa kijana wa hoteli hapa Malindi. Kiitaliano alikisema kama amekinyonya kwa mama, maana wageni aliowaandalia meza mchana na jioni wengi walikuwa Waitaliano. Alikuwa na kiburi. Ukimwambia jambo haliwezekani, umemwagia moto mafuta. Mimi nilikuwa nimekwisha kukaa Genova miaka mingi, natunza wazee wa watu majumbani mwao. Ndipo mama yetu akafariki. Karatasi zangu za kuishi kule zilikuwa bado serikalini. Ningetoka, nisingeruhusiwa kurudi. Kwa hiyo sikumzika mama. Maneno hayo nayasema upesi, lakini sikuyabeba upesi.

Famau alinipigia simu akaanza kunieleza mama alivyougua. Nikamkatiza. "Hayo si maneno ya simu," nikamwambia. "Njoo, Famau. Ukae mbele yangu unieleze mwanzo mpaka mwisho. Alilalia upande gani. Alikula nini. Kama aliniuliza." Akasema, "Nitakuja, dada."

Na kweli, baada ya muda, viza ikatoka na tiketi ikapatikana. Atatua Roma, na ataondokea Roma. Kutoka Roma hadi Genova ni safari ya treni ya kutwa moja. Kama angenyoosha njia, tungekaa pamoja mpaka tukachokana.

Lakini mnaijua Malindi. Mtu akikata tiketi asubuhi, adhuhuri mji mzima unajua. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa Bi Tima, jirani yetu, na kikapu cha ng'onda, wale samaki waliokaushwa ambao harufu yao hutangulia mtu njiani. Mwanawe Lali alikuwa Napoli.

"Nasikia unakwenda Italia, mwanangu."

"Nakwenda Genova, Bi Tima, kwa dada."

"Genova si ni Italia? Na Napoli si ni Italia? Utapita nchi nzima usimwamkie mwanangu? Basi sema tu huna haja nasi."

Famau akaikunjua ramani aliyopewa na mgeni mmoja wa hoteli, akaiweka juu ya meza ya mama. Bi Tima hajui kusoma, lakini macho anayo. Akaweka ukucha juu ya Roma, akauweka juu ya Napoli. "Hapa na hapa, umbali wake ni wapi? Ukucha tu!"

Baba yenu akacheka. Ukucha tu, kweli. Akachukua ng'onda.

Baada yake akaja mwenye ndugu Bari, na achari ya ndimu. Kutoka Napoli mpaka Bari ni pingili moja ya kidole. Akaja mama ambaye binti yake ameolewa Bologna. Kutoka Bari hadi Bologna ni pingili mbili, lakini treni si ipo? Akaja na mwenye shemeji Milano. Famau hakumkataa hata mmoja. Kila aliyefika alimpitisha njia nzima kwa kidole: huku nashuka, huku nalala, huku nasabahi tu na kuondoka. Watu walisimama kumtazama. Kidole chake kikaenda juu ya milima na mito bila kukwama popote, kikaishia Genova. "Na hapa ndipo kwa dada," alikuwa akisema. "Tamu huachwa mwisho. Kufika hapa begi litakuwa jepesi kama kikapu kitupu."

Begi hilo lilikuwa la magurudumu, kubwa. Chini kabisa, kabla ya mizigo ya watu, alikuwa ameweka leso ya mama, ile aliyojifunga siku yake ya mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa yangu. Juu yake Malindi nzima ikapangwa.

Mjomba wetu alimwambia, "Famau, mzigo wa dada yako upo chini ya mizigo yote. Huoni?"

"Utafika, mjomba. Mimi nikisema nitafika, nafika."

Sasa sikilizeni kosa lake. Treni za Italia alizijua zote, saa za kuondoka na saa za kufika. Watu wetu ndio aliowasahau, na yeye ni mmoja wao.

Alifika Napoli akidhani atasabahi na kuondoka. Lali alikuwa kazini, ikabidi amngoje. Lali aliporudi akaiona ng'onda ya mamake, akaishika, akainusa, akaanza kulia. Utamwambia nini mtu huyo? Utamwambia treni inaondoka? "Huondoki bila kula," Lali akasema. Akapika. Walipomaliza kula treni ilikuwa imekwenda zamani. Akalala Napoli.

Bari, yule ndugu aliita kila mtu wa pwani aliyekuwa karibu. Walikuja na watoto wao, wengine hawajawahi kumwona mtu aliyetoka nyumbani jana. Ikawa kama Idi. Wakamwuliza habari za kila mtaa, nani kaoa, nani kafa, kisima cha msikiti kimefukiwa au bado. Alijibu mpaka sauti ikakauka. Treni ikaenda.

Na lile begi lililosemwa litakuwa jepesi? Mmelelewa hapa, mnajua. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Lali alitoa ng'onda, akatia kahawa na viatu vya Bi Tima. Bari walitoa achari, wakatia mafuta ya zeituni kwenye madebe. Yule binti wa Bologna alitia mablanketi ya watoto na sufuria nzito ya mkwewe. Famau aliondoka kila mji na mzigo mkubwa kuliko alioingia nao, na leso ya mama ikazidi kugandamizwa kule chini. Akipita kwenye ngazi za stesheni, begi linapigapiga. Bologna gurudumu moja likavunjika, na Milano akaliburuta vivyo hivyo.

Kila alipopata simu alinipigia. "Dada, nipo njiani."

Nami napika. Siku ya kwanza nilipika samaki wa kupaka na wali wa nazi, nazi yenyewe nimeitafuta mji mzima. Hakuja. Nikawapa majirani. Nikapika tena. Hakuja. Jirani yangu, mama mmoja wa Kiitaliano, akanicheka ngazini: "Mwanakombo, huyo ndugu yako anakuja kwa miguu?" Sikucheka naye. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini na siku zangu zilikuwa zinapukutika nikiwa dirishani. Mara ya mwisho sikupika samaki. Nilichemsha chai nikakaa. Mikono yangu ilikuwa mizito kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiburuta lile begi.

Ndipo nikausikia ule mlio. Kwaru-ta, kwaru-ta.

Nilishuka mbio. Nilimkuta amesimama kwenye ngazi za orofa ya pili, mkono mmoja ukutani. Uso umekauka, midomo imepasuka kwa baridi. Hakuniambia "Shikamoo, dada". Aliweka paji la uso wake begani kwangu. Tukalipandisha begi pamoja.

Nilimvua viatu mimi mwenyewe, kama alipokuwa mdogo. Nyayo zake zilikuwa malengelenge matupu. Nikamletea maji ya vuguvugu na chumvi, akaitumbukiza miguu humo, akafumba macho.

"Dada," akasema, "kesho asubuhi sina budi kuondoka. Ndege yangu haingoji."

"Najua."

"Ya mama nakueleza sasa hivi. Nipe chai tu."

Nilikwenda jikoni. Kumimina chai si kazi ya muda. Niliporudi amelala, miguu ingali ndani ya beseni, kidevu kifuani.

Ningeweza kumwamsha. Nilimwita mara moja, polepole, "Famau." Hakusikia. Nikaitoa miguu yake majini, nikaikausha, nikamlaza kwenye kochi. Kisha nikalifungua begi. Nilitoa kahawa, viatu, madebe, sufuria, mablanketi, vitu vya watu wote, nikavipanga sakafuni mpaka nikaifikia leso. Ilikuwa imekunjamana, imeshika harufu ya ng'onda, lakini kwenye pindo ilikuwa bado na harufu ya mama. Nilimfunika nayo, nikakaa kwenye kiti nikimtazama. Alikoroma. Nilisikia kengele za kanisa la mtaani, nikasikia watu wakishuka na kupanda ngazi, na mtu wa kunieleza habari za mama yangu amelala mbele yangu, karibu kiasi cha kumgusa.

Alfajiri usingizi ukanichukua, tukaamka tumechelewa; ikawa ni kurudisha vitu begini na kukimbilia stesheni. Pale jukwaani, treni imekwisha kufungua milango, akanishika mikono. "Dada, mama siku ile aliniita alfajiri..."

Nikamziba mdomo kwa kiganja. "Hapana. Habari za mauti hazisemwi tumesimama, treni inapiga honi. Mama hakuwa mtu wa kusemwa mbiombio."

Akainamisha kichwa. Halafu, mjue jinsi alivyo baba yenu, akainua macho akaiona ramani kubwa ya reli ukutani. Uso wake ukawaka. Akaisogelea, akanyoosha kidole.

"Mwakani, dada! Nimeshajua nilipokosea. Nitaanzia hapa Milano, ni karibu. Nishuke Bologna asubuhi, niwahi Bari kabla ya..."

Nilikuwa nimechoka, wanangu. Nilichoka kwa kungoja, kwa kupika, kwa kukesha nikimtazama mtu analala. Nilikishika kidole chake pale pale juu ya ramani, nikakikunja.

"Famau," nikamwambia, "kidole cha ramani hakichoki. Kinachochoka ni wewe. Na mimi ninayengoja."

Alipanda treni, na mpaka inaondoka nilimwona dirishani amekishika kile kidole kwa mkono wa pili, kama kimeungua.

Aliyasema maneno hayo mwenyewe alipofika nyumbani, Bi Tima alipomwuliza safari ilikuwaje. Bi Tima akayapeleka sokoni. Leo hata mvuvi akimsikia mwenzake akipanga mambo mengi kwa mdomo humwambia hivyo hivyo, wala hajui kidole kilikuwa cha nani.

Unaniuliza nini, Bwanaheri? Kama alirudi? Mwaka uliofuata alinyimwa viza. Mwaka mwingine mkazaliwa nyinyi, wawili kwa mpigo. Mimi nimekuja mara kadha, kwa harusi, kwa matanga, na kila nikija nyumba haikauki wageni. Asubuhi twende tukamwamkie huyu, jioni tukamwamkie yule. Ataona vibaya, atasema nimepata Ulaya nimewasahau. Na mwenye kuipanga ziara hiyo ni nani? Ni huyo huyo baba yenu. Kesho kutwa narudi Genova. Ya mama sijayasikia mpaka leo.

Haya, nyamazeni. Hilo ni gari lake.

"Dada! Bado hujavaa buibui?" Famau akaingia akichezesha funguo. Ndevu zake zina mvi sasa, lakini mwendo ni ule ule. "Mambrui wanatungoja tangu asubuhi. Tukitoka hapo, Gongoni si hapo tu? Tunasabahi na kuondoka. Alasiri turudi huku Watamu, na kama jua halijatua..." Kidole chake kilikuwa hewani, kinapita kaskazini, kinageuka, kinashuka kusini.

Zulekha alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Bwanaheri hakujiziba.

"Baba," akasema, "kidole cha ramani hakichoki."

Famau akasimama hivyo hivyo, mkono juu. Akamtazama mwanawe, na nilidhani atamfokea, maana moto wake naujua. Kisha akaiona ramani ya Italia iliyokunjuliwa mkekani, akaniona na mimi pembeni yake. Mkono ukashuka taratibu. Akaziweka funguo juu ya rafu, akavua viatu, akaketi mkekani mbele yangu, magoti yakimlia.

"Zulekha, wapigie simu wa Mambrui. Waambie leo hatuji."

"Wataona vibaya, baba."

"Waone."

Akavuta pumzi. Akaishika mikono yangu kama alivyoishika pale jukwaani.

"Dada Mwanakombo, leo siendi popote. Hata Malindi nzima ibishe hodi, siinuki hapa mpaka nikueleze ya mama, mwanzo mpaka mwisho."