Dhakwani na Bonde Lisilokuwa na Mwenyewe

Inasimuliwa kwamba katika zama za wacha Mungu waliotutangulia, aliishi katika milima ya Yemeni mtu aliyeitwa Dhakwani bin Ubaidi, pamoja na mkewe Atika. Walikuwa watu wa bustani. Mikomamanga na mitini yao ilipandwa na babu wa babu yake, na aina ile haikupatikana mahali pengine. Kisha Mwenyezi Mungu akakadiria mafuriko, bonde lao likachukuliwa lote, udongo na miti. Dhakwani aliwahi kukata vijiti arobaini kutoka kwenye matawi yaliyoangushwa na maji, akavifunga kwa sufu iliyolowa, wakatoka kwenda kutafuta pa kuvipanda.

Haikuwa kazi nyepesi. Mwenye ardhi nzuri hakutaka kuuza, na aliyetaka kuuza alitaja bei wasiyoiweza. Tajiri mmoja alikubali kuwapa shamba, kwa sharti wavitupe vijiti vyao wapande mizabibu, maana zabibu ndizo zilizokuwa zikinunuliwa sokoni. Dhakwani alimshukuru, akaaga.

Hatimaye wakafika mji mdogo, wakamwendea kadhi. Kadhi akasema, "Juu ya mji huu kuna bonde kavu, na mimi simjui mwenyewe. Sharia yetu iko wazi: mwenye kuihuisha ardhi iliyokufa ni yake, maadamu haikuwa ya mtu."

Wakapanda mlima hadi bondeni kwa furaha wakaanza kulima. Siku ya tatu jembe la Dhakwani likagonga jiwe, na pembeni yake jiwe jingine, na jingine. Alipofukua aliona mfereji uliojengwa kwa mawe ya kuchongwa, umepakwa chokaa vizuri. Alitazama huku na huku. Kisha akavuta udongo kwa miguu, akaufukia ule mfereji.

Alasiri walisali. Alipotoa salamu, Atika alimtazama akasema, "Mume wangu, leo umesujudu kama mtu anayekimbizwa. Nilikuona ukivuta udongo kwa miguu. Umefukia nini kule?"

Hakuweza kumficha. Akasema, "Ardhi hii ilikuwa na mtu. Lakini huenda alikufa miaka hamsini iliyopita. Nikianza kumtafuta, vijiti vitakauka, nasi hatuna vingine duniani."

"Basi vikauke," alisema Atika, na machozi yakimlengalenga, kwa kuwa alivipenda kuliko hata mumewe alivyovipenda. "Mti tulioupanda juu ya haki ya mtu, matunda yake tutamlisha nani?"

Dhakwani alilia, akaomba maghufira. Akavilaza vijiti kwenye mchanga wenye unyevu, akamwachia mkewe avinyweshe, akashuka mjini kuuliza.

Aliuliza tena kwa kadhi, kisha kwa wafinyanzi, kwa wahunzi. Siku nne zilipita bila jibu. Siku ya tano, mzee mmoja msuka mikeka akakumbuka: "Bonde lile lilikuwa la Shurahbili. Alihama na watu wake. Binti yake Lubaba yu hai, yuko mji wa pili, mwendo wa siku mbili."

Alimkuta Bi Lubaba kizingitini kwake akisokota sufu, ajuza mwenye macho makali. Dhakwani alimweleza yote, hata habari ya kufukia mfereji.

Bi Lubaba akasimamisha kazi yake. "Mwanangu, ungelima tu. Mimi ningejuaje?"

"Wewe usingejua, mama," akajibu Dhakwani.

Ajuza alimtazama usoni. Kisha akasema, "Sikuuzii." Dhakwani akainamisha kichwa. "Nasema sikuuzii, kwa sababu nakupa uipande. Nusu ya miti itakuwa yako, nusu yangu, kama walivyofanya wazee. Lakini niambie, maji utayatoa wapi?"

"Tutangoja mvua ya Mola, mama."

"Baba yangu aliingoja miaka minne ikamtia umasikini!" Bi Lubaba alicheka, kisha akawa na huzuni. "Ndipo alipoipata chemchemi. Koo mbili zikaigombania, wakauana watu wawili wenye watoto. Baba akasema hawezi kunywa maji yenye damu. Aliiziba kwa mikono yake, tukahama, na pahala pake hakumwambia mtu ila mimi. Wale waliogombana wamekwisha kufa. Nitakuonyesha, kwa sharti moja: asinyimwe maji hayo mpita njia yeyote, awe wa ukoo wowote."

"Nimekubali, na Mwenyezi Mungu ni shahidi."

Hakutaka kuelekeza kwa maneno. Alipanda punda akaenda mwenyewe. Walipofika bondeni aliwapeleka chini ya jabali jeusi, na wote watatu wakatoa mawe mpaka vidole vikachubuka. Kwanza lilitoka tope. Kisha yakatoka maji mazito mekundu, na kabla ya adhuhuri yakawa safi, yakashika njia ya ule mfereji waliokuwa wameufukua. Atika alikinga viganja akampa ajuza anywe wa kwanza.

Katika vijiti arobaini, ishirini na tisa vilikuwa vimekufa. Walivipanda kumi na moja vilivyobaki, na mwaka wa nne Bi Lubaba alikula komamanga kutoka katika nusu yake, akasema baba yake angeipenda bustani hii. Watu wa koo zote mbili walichota maji pale, na haikusikika tena kwamba mtu amemwinulia mwenzake mkono.

Ndugu zangu waumini, tusitoke hapa tukidhani kwamba kila asemaye kweli hufunguliwa chemchemi. Wako wengi waliosema kweli wakarudi nyumbani mikono mitupu, na ujira wao uko kwa Mola wao, haupotei. Dhakwani alipoianza safari alijua jambo moja tu, kwamba huenda akaikosa ardhi na miche pamoja, naye akaenda. Tumwombe Mwenyezi Mungu atujaalie miguu ya kwenda hivyo, na katika nyumba zetu atujaalie mtu wa kutuuliza kwa upole tumefukia nini.