Wako Nyuma, Wanakuja

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kivivu. Wale wa pembeni wamefumbua midomo tu, sauti haikutoka. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, katika kijiji ambacho hata nikiwatajia jina lake hamtakijua, palikuwa na jemadari aitwaye Lugendo. Alishika mkuki kabla ndevu hazijaota, akaushika mpaka ndevu zikawa nyeupe. Vita vya milimani, Lugendo. Vita vya bondeni, Lugendo. Akirudi nyumbani hukaa kidogo tu, la mgambo likilia, huyo, amekwenda.

Mkewe aliitwa Mkunde. Walijaliwa mtoto mmoja, Mhina. Huyo Mhina alipokuwa mdogo, kila baba yake akiingia mlangoni, alikimbilia nyuma ya mama yake na kuuliza, "Mama, huyu mgeni atalala hapa?" Watu walicheka. Lugendo naye alicheka, lakini neno lile lilimkaa moyoni.

Mhina akakua. Siku moja akaonekana anachonga mpini wa mkuki.

"Unakwenda wapi?" mama yake akamwuliza.

"Namfuata baba. Nataka nimjue. Hapa nyumbani sitamjua."

Ngojeni niwaambie desturi ya kijiji hicho, maana bila desturi hiyo hakuna hadithi. Jeshi likitoka, kila askari aliweka jiwe pale njia inapoanza. Jiwe lake mwenyewe, analolijua yeye na jemadari wake. Akirudi alilichukua akalitupa kichakani. Yaliyobaki yalikuwa ya waliokufa, na hayo hakuyagusa mtu ila jemadari. Yeye aliyabeba moja moja, mlango kwa mlango, akaliweka jiwe miguuni pa mama na kusema, "Mama, mwanao hayupo. Niliyemchukua ni mimi, na sikumrudisha." Hakutuma mtu. Alisema kwa kinywa chake.

Lugendo aliyasema maneno hayo miaka mingi. Yalimchoma, lakini aliyasema.

Vikaja vita vya mwisho. Lugendo alipopanga jeshi, alimweka Mhina nyuma kabisa, pamoja na vijana wengine. Alidhani nyuma ndiko salama. Kumbe adui alikuja kwa nyuma, wakati jeshi linavuka mto. Jeshi lilishinda. Wale wa nyuma hawakuvuka.

Basi jeshi likarudi linaimba. Chaka-chaka, chaka-chaka, njuga miguuni. Wanawake wanapiga vigelegele. Kila askari akachukua jiwe lake, pakabaki rundo dogo. Mkunde akapenya katikati ya watu, bakuli la uji mkononi, akamwuliza mumewe, "Mhina yuko wapi?"

Lugendo akamtazama. Akawatazama kina mama wengine waliosimama nyuma yake, nao wanangoja. Mdomo ukawa mzito. Akasema, "Wako nyuma. Wanakuja."

Askari wakatazama chini. Jemadari akisema, amesema.

Na kina mama wakaenda kupika.

Wakangoja siku ile. Wakangoja mwezi ukaandama, ukafa, ukaandama mwingine. Wakimwuliza Lugendo, jibu ni lile lile. Wako nyuma, wanakuja.

Siku moja adhuhuri, jua limesimama utosini, kivuli cha mtu kimejikunja chini ya nyayo zake, zikasikika hatua njiani.

Pu. Pu. Pu. Pu.

Hatua za watu wengi, wanaotembea pamoja kama askari. Mbwa wakajificha chini ya ghala. Kuku wakanyamaza. Watu wakatoka kutazama, na njia ilikuwa tupu. Hata vumbi halikutimka. Pu, pu, pu, mpaka kwenye rundo la mawe. Hapo zikakoma.

Kesho yake adhuhuri, pu, pu, pu. Na keshokutwa yake.

Kina mama hawakuogopa. Mnashangaa nini? Mama ataogopaje mguu wa mwanawe? Walifurahi. Wakaanza kuwawekea chakula pale kwenye mawe. Wakienda kuchukua vyungu, chakula wanakikuta vilevile, lakini kimelowa maji, na juu yake mchanga wa mtoni. Na mto ulikuwa mbali, mwendo wa kutwa nzima. Mkunde akaukusanya ule mchanga, akaufunga kwenye pindo la nguo yake. "Mhina ameonja," akasema.

Kisha wakaanza kuwafuata. Hatua zikikoma, kina mama walishika njia ya mtoni, leo kidogo, kesho zaidi. Mmoja wao, Bi Hoza, alikwenda mbali kuliko wote. Alirudi nywele zimelowa chepechepe, meno yanagongana kwa baridi, na jua bado linawaka. Watu wote walikuwa na vivuli. Bi Hoza hakuwa nacho.

Lugendo akamwendea. "Bi Hoza, umeona nini huko?"

"Sikuona kitu. Nimewasikia wakisemezana. Mmoja anasema, 'Nimechoka, tulale hapa.' Mwingine anamjibu, 'Hatuwezi kulala. Jemadari amesema tunakuja.'"

 Hofu ambayo Lugendo hakuipata katika vita vyote ilimpata hapo. Askari wake walikuwa wanatii.

Asubuhi yake akamkuta Mkunde anafunga chakula na mkeka.

"Unakwenda wapi?"

"Kumpokea mwanangu. Leo nafika mpaka kivukoni. Nimtandikie alale huko huko, nami nilale karibu yake."

Lugendo akatazama miguu ya mkewe. Ilikuwa inachuruzika maji, na Mkunde hajatoka nje ya nyumba.

"Ningoje, mke wangu. Usiondoke kabla sijarudi. Nakuomba."

Katika ndoa yao yote Mkunde hakuwahi kumsikia mumewe akiomba. Akakaa kizingitini.

Lugendo akaenda kwenye rundo, akabeba jiwe la kwanza mpaka kwa Bi Hoza. "Mama, mwanao hayupo. Niliyemchukua ni mimi, na sikumrudisha." Bi Hoza akamzaba kofi. Kisha akakaa chini akalia, akalia sana, na kivuli chake kikarudi, kikakaa kando yake.

Mama mwingine akamwambia, "Nilijua. Nilitaka nikusikie wewe." Mwingine akamfungia mlango. Lugendo hakuteta. Aliliacha jiwe mlangoni, akayasema maneno kwa nje, akarudi kubeba jingine.

Adhuhuri ikamkuta amebakiwa na jiwe moja. Hatua zikaja. Lakini sasa zilikuwa za mtu mmoja.

Pu. Pu.

Akalibeba mpaka kwake. Mkunde alikuwa amesimama, mkeka kwapani. Lugendo akaliweka miguuni pake. "Mama, mwanao hayupo. Niliyemchukua ni mimi, na sikumrudisha."

Mkunde hakulia. Alikuwa anasikiliza. Hatua zilikuwa zimepita pale palipokuwa na rundo. Zilikuwa zinaingia kijijini.

"Mbona bado anatembea?" akauliza.

Lugendo akageuka kutazama njia.

"Ulipomwambia akae nyuma, alikujibu nini?"

"Alisema, 'Ndiyo, jemadari.'"

"Basi bado anamtii jemadari. Nenda kamtafutie baba yake."

Lugendo akavua kilemba chekundu cha ujemadari, akakiweka juu ya lile jiwe. Akatoka kichwa wazi, mzee mwenye upara, watu wote wanamtazama. Akasimama katikati ya njia. Pu. Pu. Zikafika mbele yake zikasimama. Akasikia maji yanadondoka, ndo, ndo, ndo. Vumbi likalowa, na hakuna mtu.

"Mhina, mwanangu," akasema. "Ni mimi baba. Nilikuweka nyuma kwa sababu nilikupenda, nikakosea. Usije tena. Lala, mwanangu."

 Halafu ikasikika sauti, si ya kijana, ya mtoto mdogo.

"Mama, huyu mgeni atalala hapa?"

Lugendo akafunika uso. Mkunde akajibu kutoka mlangoni, kwa sauti ile aliyokuwa akimbembelezea, "Si mgeni, Mhina. Ni baba yako. Leo amerudi."

Hatua hazikusikika tena, si za kuja wala za kurudi. Mbwa wakatoka chini ya ghala. Ndipo Mkunde akalia, na mumewe akakaa naye chini, akalia pia.

Lugendo hakukivaa tena kile kilemba. Akazeeka, na majemadari vijana wakawa wanamjia kutaka shauri la vita. Aliwauliza swali moja tu: "Askari wako wa mwisho kabisa, mama yake anakaa nyumba ipi?" Asiyejua alirudishwa akajue kwanza. Kwa hilo wanamkumbuka mpaka leo, si kwa vita alivyoshinda.

Wazee husema mficha maradhi, kifo humwumbua. Nami nawaambia, habari ya msiba ina mwenyewe. Mpelekee, hata akikuzaba kofi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Msitazame njiani, hakuna inayokuja nyuma yake.