Mlango wa Kimetameta

Ngano nimekuja nayo.
*Iweke hapa katikati, tuione.*

Hapo kale, kale sana, palikuwa na pango lenye milango miwili. Ngiri alilinda mlango wa kusini. Kanu, yule mwenye madoa afananaye na paka, alilinda mlango wa kaskazini. Sheria ilikuwa moja: kila aingiaye apige hodi, na akiulizwa, ataje mlango aliopitia. Asiyeutaja afukuzwe.

Ndani ya pango Kimetameta alikuwa ametaga mayai yake. Wengine humwita Kimulimuli. Majina yote mawili ni yake.

Siku moja walinzi walikwenda kunywa maji. Kimetameta akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Akapiga mara ya tatu. Kimya. Akaingia.

Komba alikuwamo pangoni. Aliona mwanga wa Kimetameta ukiangukia ukutani michirizi michirizi, kama ubavu wa punda milia. Michirizi ile hutokea mwanga ukipita milango yote miwili kwa pamoja; mlango mmoja ukizibwa, haionekani.

Walinzi waliporudi walimkuta ndani, wakampeleka kwa hakimu, Mzee Kongoni.

"Ulipita mlango wa kusini?"

"Siwezi kusema hivyo, mzee."

"Basi wa kaskazini."

"Wala hivyo siwezi."

"Yote miwili?"

Ngiri akacheka. "Labda alijikata vipande, kama muhogo."

"Sikujikata, bwana Ngiri. Niliingia mzima."

"Bila mlango?" akauliza Kongoni.

"Mzee, nikipiga hodi nikaitikiwa, huwa nina mlango. Nisipoitikiwa, huwa nina njia tu."

Asubuhi yake wakamjaribu. Walinzi wakasimama mahali pao. Kimetameta akapiga hodi, Ngiri akaitika, "Karibu." Akapita kusini mbele ya macho yao. Ukutani hapakuwa na michirizi.

"Mmeona," akasema Kongoni. "Ana mlango kama sisi. Basi na jana alikuwa nao, akatuficha."

"Jana hamkuniitikia, mzee. Nanyi msinifukuze, mayai yangu yamo mle."

"Kuna shahidi?"

Komba akafungua mdomo. Kanu akamgeukia. "Nawe mwenzetu, leo utatufundisha kuhesabu milango?" Wanyama wakacheka. Komba akafumba mdomo.

Kimetameta akafukuzwa. Mayai yakakosa wa kuyatunza, yakakauka yote.

Ndipo Komba akaenda kumweleza Kongoni habari ya michirizi.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Ulitaka kusini au kaskazini, mzee. Mimi sikuwa na neno la kusini wala la kaskazini. Nikaona haya."

Kongoni akainuka. Wakatoka wote wawili kumtafuta Kimetameta. Hawakumpata. Ndiyo maana hata leo Kimetameta huwaka na kuzimika, huwaka na kuzimika. Anatafuta njia ya kuyarudia mayai yake, na hajaambiwa kwamba hayapo.

Fundisho lake ni hili: jambo lisilotosha katika ndiyo wala siyo, si lazima liwe uongo. Na aliyeona akanyamaza, naye amehukumu.

Ngano yangu imekoma. Utamu wake chukueni nyinyi, uchungu wake niachieni mimi.